Meli ipi, chumba kipi: mwongozo kwa wanandoa wa Dar wanaopanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza

Saa kumi na moja alfajiri, siku ya pili ya safari yetu, mama watoto alinigusa bega. "Baba, husikii? Huko juu kuna watu wanaburuta vitanda." Havikuwa vitanda. Wafanyakazi wa meli walikuwa wanapanga viti vya bwawa la kuogelea, na bwawa lenyewe lilikuwa juu ya dari yetu. Tuliongeza pesa nyingi ili tupate chumba chenye roshani, tukapewa chumba kizuri mahali pabaya. Aliyetuuzia tiketi hakutuambia, na sisi hatukujua kwamba hilo ni jambo la kuuliza.

Tangu siku hiyo nimekaa na ndugu na majirani kadhaa kuwasaidia kupanga safari yao ya kwanza, na karibu wote huanza pale pale tulipoanzia sisi, yaani kwenye picha ya chumba. Chumba ni cha mwisho. Anzeni na njia ya safari pamoja na viza, halafu meli, halafu mahali chumba kilipo ndani ya meli. Kama chumba ni cha ndani, cha dirisha au cha roshani, hilo huja baada ya hayo yote.

Kwanza, zungumzeni nyie wawili

Jioni moja, simu zikiwa mbali, ulizaneni mambo matatu. Nani analala mapema na nani anapenda kukesha? Siku nzima ya baharini bila kutua bandarini, kila mmoja angependa kuitumiaje: muziki na michezo, au kitabu na usingizi? Na nani kati yenu huchafukwa na tumbo chomboni?

Hilo la tatu sisi wa Dar tuna bahati ya kuweza kulijaribu. Pandeni boti ya kwenda Unguja kipindi cha kusi, kati ya Juni na Agosti, mwende na kurudi. Kumbukeni tu kwamba boti ile ni ndogo na ya kasi, inarusha kwa mapigo mafupi mafupi, wakati meli kubwa huyumba taratibu na ina mapezi chini ya maji ya kupunguza kuyumba huko. Kwa hiyo aliyefika bandari ya Malindi, Unguja, akiwa mzima hana sababu ya kuogopa. Aliyetapika asikate tamaa, ila aandikwe pembeni kwamba chumba kitachaguliwa kwa ajili yake, si kwa ajili ya mandhari.

Kama ni fungate na huenda kuna ujauzito, jueni mapema kuwa kampuni nyingi hazipokei mjamzito aliyefikisha wiki 24 kabla safari haijaisha. Hesabuni hadi siku ya kushuka, si siku ya kupanda.

Njia na viza, kabla ya kulipa hata senti

Safari nyingi zinaanzia mbali na hapa, kwa hiyo mtaruka kwanza kutoka uwanja wa Julius Nyerere. Kuna njia tatu ninazoona zinafaa kwa Mtanzania anayeanza.

Ya kwanza ni Durban. Kati ya Novemba na Machi au Aprili kampuni ya MSC huendesha safari fupi kutoka Afrika Kusini, za usiku tatu au nne, nyingine zikipita pwani ya Msumbiji kama Pomene. Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi Afrika Kusini wala Msumbiji, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipa njia hii nafasi ya kwanza. Mtabadilisha ndege Johannesburg. Ubaya wake ni kwamba miezi hiyo ndiyo ya vimbunga katika mlango bahari wa Msumbiji, hasa Januari hadi Machi, na sehemu kama Pomene abiria hushushwa kwa boti ndogo. Bahari ikichafuka hamshuki, mnapita. Mkienda Novemba au mapema Desemba mnajipunguzia hatari hiyo.

Ya pili ni Ghuba, kutoka Dubai, Abu Dhabi au Doha. Msimu wake ni wakati wa baridi yao, takriban Novemba hadi Machi. Ndege za moja kwa moja kutoka Dar zipo, na bahari ya kule kwa kawaida ni tulivu. Viza mnahitaji, na iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikienda Oman au Qatar halafu ikarudi, mmetoka nchini na mnaingia upya. Angalieni pia hali ya usalama. Kuanzia mwishoni mwa 2023 meli nyingi zilianza kukwepa Bahari ya Shamu, njia ya kutoka Ulaya kwenda Ghuba, na mkataba wa tiketi humruhusu nahodha kuruka bandari au kubadili njia bila kuwarudishia nauli.

Ya tatu ni Mediterania, kutoka Barcelona, Genoa au Civitavecchia, ile bandari ya kwenda Roma. Huku ndiko meli ni nyingi, tarehe ni nyingi na bei zina ushindani. Mlima wake ni viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na hairudishwi mkinyimwa. Bima ya safari iwe ya kuweza kulipia matibabu ya angalau yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Mnaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, nchi mtakayoingilia. Meli ikigusa Tunis katikati ya safari, nayo si Schengen, ombeni viza ya kuingia mara nyingi, la sivyo mtazuiwa kupanda meli siku ile ile ya kwanza.

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Kampuni nyingi hudai nauli yote siku 60 hadi 90 kabla ya kuondoka, na kunyimwa viza si sababu ya kurudishiwa. Kwa hiyo wekeni nafasi yenye malipo ya awali yanayorudishwa, hata kama ni ghali kidogo, pelekeni karatasi yake kwenye maombi ya viza, na malizeni malipo viza ikiwa imeshagongwa. Wakala akikataa utaratibu huo, tafuteni mwingine.

Jina kwenye tiketi lifanane herufi kwa herufi na pasipoti. Mke ambaye pasipoti yake bado ina jina la baba yake akatiwe tiketi kwa jina hilo, na cheti cha ndoa kiwe kwenye begi la mkononi. Pasipoti ibakiwe na miezi 6 baada ya siku ya kurudi.

Meli: pigeni hesabu ndogo ya kugawanya

Ukubwa wa meli huandikwa kwa tani, lakini tani hizi hazipimi uzito, zinapima nafasi iliyomo ndani. Titanic ilikuwa na tani 46,000 na kitu. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina tani 248,663 na sitaha 20, yaani ghorofa za meli, na hubeba abiria 5,610 wakihesabiwa wawili kwa chumba. Vyumba vikijaa watoto idadi hufika 7,600.

Ukubwa peke yake hauwaambii kama mtabanana. Chukueni tani mgawanye kwa abiria wa wawili kwa chumba. Icon hutoa kama 44. Queen Mary 2, yenye tani 149,215 na abiria 2,691, hutoa 55. Mimi nikiona jibu liko chini ya 35 najiandaa kwa foleni ya chakula na ya lifti, na nikiona limepita 40 napumua. Takwimu zote mbili zipo kwenye ukurasa wa meli husika, na hesabu haimalizi dakika moja.

Kisha tazameni tabia ya meli, maana kila kampuni ina mila zake. MSC na Costa zina mila za Kiitaliano: familia nyingi, matangazo kwa lugha tano au sita, chakula cha jioni cha kuchelewa. Royal Caribbean ni ya wanaotaka kurukaruka, mabwawa ya mteremko na maonyesho makubwa. Celebrity na Holland America ni tulivu zaidi na abiria wake wengi ni watu wazima. Cunard bado wanavaa suti na magauni marefu usiku fulani fulani, na kanzu yenye koti lililoshonwa vizuri haikosi heshima pale. Virgin Voyages haipokei aliye chini ya miaka 18. Kama mnataka utulivu lakini bei ya meli tulivu imewashinda, pandeni meli ya familia wakati shule za Ulaya hazijafungwa, kwa mfano Mei au mwishoni mwa Septemba.

Meli kongwe isiwaogopeshe. Ulizeni tu mwaka ilipofanyiwa ukarabati mkubwa mara ya mwisho. Ina roshani chache, lakini nauli yake ni nafuu na bandari ndogo inaingia.

Kuhusu siku, ushauri wangu ni usiku nne hadi saba. Mbili hazitoshi hata kujua njia ya kwenda kula, na kumi na nne ni pesa nyingi kwa kitu ambacho hamjajua kama mnakipenda.

Mahali chumba kilipo

Wazee wa pwani walishatuachia maneno ya jambo hili. Chombo kikilala upande huu na ule tunasema kinakwenda mrama. Mbele ni omo, nyuma ni tezi, na chini kabisa katikati, maji yanapojikusanya, ni ngama. Kuna msemo, kwenda tezi na omo marejeo ngamani, na hata leo, kwenye meli yenye sitaha 15, anayeugua bahari anarudishwa kule kule: chini na katikati.

Sababu yake ni ubao wa bembea. Watoto walioketi kwenye ncha ndio wanaorushwa juu, aliye katikati hasogei sana. Meli inapokutana na wimbi, omo na tezi hupanda na kushuka, katikati hutulia. Meli ikienda mrama, wa juu kabisa anapepesuka kuliko wa chini. Yale mapezi niliyoyataja hupunguza mrama, lakini hayasaidii sana omo inapopanda na kushuka. Kwa hiyo mwenye tumbo jepesi apate chumba cha katikati, sitaha za chini. Mara nyingi ni vya bei nafuu zaidi, kwa sababu wengi hukimbilia juu.

Tatizo la pili ni kelele, na ndilo lililotukuta. Kanuni ninayoifuata ni moja: juu yenu pawe na vyumba vya kulala, na chini yenu pawe na vyumba vya kulala. Kila kampuni huweka michoro ya sitaha zake mtandaoni. Sisi sasa tunafanya hivi. Tunapeleka michoro mitatu kwa mchapishaji wa mtaani, sitaha yetu, ya juu yake na ya chini yake, tunazipanga karatasi omo kwa omo, tunaziinua mbele ya dirisha mchana. Mwanga unapenya na kila kilicho juu ya kitanda chetu kinaonekana. Mama watoto hushika penseli. Akiona bwawa, jiko, mgahawa, ukumbi wa maonyesho au disko juu au chini ya chumba, anakikata kwa mstari. Sehemu nyeupe isiyoandikwa kitu nayo anaikata, kwa sababu mara nyingi ni stoo au njia ya wafanyakazi na mikokoteni yao.

Vingine anavyokata ni hivi. Vyumba vinavyogusana na lifti na ngazi. Vyumba vyenye mlango wa kuunganisha na jirani, ambavyo huwekewa alama ndogo ukutani kwenye mchoro, maana mlango ule haufungi sauti na mtasikia mazungumzo yao nao watasikia yenu. Vya omoni kabisa kwenye sitaha za chini, kwa ajili ya minyororo ya nanga alfajiri. Vya tezini kabisa chini, ambako mtikisiko wa rafadha, yaani propela inayosukuma meli, unapanda hadi kitandani. Na vya sitaha ya mashua za uokoaji, ambako dirisha linaweza kutazamana na tumbo la mashua la rangi ya chungwa badala ya bahari. Vyumba hivyo vya mwisho huuzwa kwa punguzo, na maandishi madogo husema mandhari yamezibwa. Kama hamjali, hapo pana pesa ya kuokoa.

Mtakutana pia na bei ya chini sana ambapo mnalipia aina tu ya chumba na kampuni ndiyo inayowapangia namba. Kwa safari ya kwanza msiichukue. Namba ya chumba ndiyo mnayoinunua.

Sasa aina ya chumba

Chumba cha ndani hakina dirisha. Kwa kawaida kina mita za mraba 13 hadi 16, pamoja na choo na kabati. Chukueni chaki mchore sebuleni mstatili wa mita 3 kwa 5. Ni kama chumba cha kupanga cha futi 12 kwa 14, na humo mna kitanda, meza, bafu na nyie wawili. Simameni ndani ya mstari mkipishana na masanduku. Mkicheka, kinawafaa. Giza lake ni zito, anayependa kulala hadi saa nne asubuhi atakipenda mno, na anayehisi kubanwa kwenye lifti asikiingie.

Chumba cha dirisha kina mwanga lakini dirisha halifunguki. Cha roshani kina mlango wa kioo na viti viwili nje. Je, roshani ina thamani ya nyongeza yake? Mkiwa na siku mbili au zaidi za baharini, au mmoja wenu anaamka mapema na anahitaji pa kukaa bila kumwamsha mwenzake, ndiyo. Kwa njia ambayo kila siku ni bandari mpya, mtaondoka asubuhi na kurudi jioni mmechoka, na pesa ile ingewapeleka kwenye magofu ya Pompeii, Italia, na gari na mwongozaji. Kati ya chumba cha ndani kilicho mahali pazuri na cha roshani chini ya bwawa, nachukua cha ndani bila kufikiri mara mbili.

Andikeni kwenye nafasi yenu kwamba vitanda viunganishwe. Vingi ni vitanda viwili vya mtu mmoja vinavyosogezwa pamoja. Ombeni pia meza ya wawili kwenye mgahawa mkuu, kwani msipoomba mtaketishwa na watu sita msiowajua. Mwenye kula halali aombe kwa maandishi wiki kadhaa kabla. Baadhi ya kampuni huandaa, na samaki na mboga hupatikana siku zote.

Bei iliyoandikwa na bei mtakayolipa

Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja, wakiwa wawili chumbani. Zidisheni kwa mbili, ongezeni kodi za bandari. Halafu bakshishi za wafanyakazi, ambazo kampuni nyingi huzikata kila siku kwa kila mtu. Kwa mfano, ikiwa dola 16 kwa siku, wiki moja kwa watu wawili ni dola 224. Intaneti hulipiwa peke yake, na laini zenu za simu ziwekwe kwenye hali ya ndege, maana mtandao wa meli katikati ya bahari ni ghali kupita kiasi.

Kifurushi cha vinywaji kina mtego kwa wanandoa. Kampuni kadhaa kubwa zinataka mtu mzima mmoja akinunua cha pombe, na mwenzake wa chumba hicho anunue. Kama mmoja hanywi, mnalipia mara mbili anachokunywa mmoja. Maji, chai na kahawa hupatikana bure kwenye mgahawa wa kujihudumia.

Melini hakuna fedha taslimu, kila kitu kinaandikwa kwenye kadi ya chumba. Mkitoa kadi ya benki ya kawaida kuwa dhamana, meli hushikilia kiasi fulani kwenye akaunti, na kukiachia kunaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kushuka. Afadhali muweke amana ya fedha taslimu mapokezi.

Siku ya kupanda

Fikeni mji wa bandari siku moja kabla. Meli haisubiri ndege iliyochelewa. Saa za tiketi someni kwa makini: 13:00 ni saa saba mchana, na mlango hufungwa saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga.

Acheni nyumbani pasi, birika la umeme, mishumaa, na akina mama samahani, udi na chetezo. Moto ndiyo hofu kubwa ya mabaharia na vitachukuliwa mlangoni. Bebeni adapta, kwa sababu plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi za Kiamerika na Kiulaya. Dawa ya kichefuchefu mwulizeni mfamasia kabla ya safari, na imezwe kabla bahari haijaanza kutikisa. Ikishatikisa imechelewa.

Mkiingia chumbani msianze kufungua masanduku. Fungeni mlango, zimeni kiyoyozi, nyamazeni dakika mbili msikilize: dari, sakafu, ukuta wa jirani. Fungueni bomba la maji ya moto. Lalieni kitanda muone kama vitanda vimeunganishwa au vimesogezwa tu na pengo limebaki katikati. Kama kuna tatizo, mmoja abaki na mizigo, mwingine ashuke mapokezi saa hiyo hiyo, meli ikiwa bado imefungwa gatini. Vyumba vya abiria waliokosa safari hujulikana hapo, na hugawiwa kwa waliowahi kuuliza.